Yasmin wa Kitabuni na Yasmin wa Kwenye Kioo

Bwana Raza ana miaka 52, Yasmin ana 15. Adam Shafi anatuwekea hesabu hiyo mapema katika Vuta N'kuvute, kabla hatujazama katika habari za Waingereza, polisi na magereza, na kwa kurasa nyingi zinazofuata hatupewi pa kukimbilia. Tunakaa na binti huyo kwenye ndoa ya Mtendeni, tunavuka naye bahari hadi Mombasa kwa kumfuata mume, tunauona ujana wake ukimpita naye akiutazama. Anapoamua kumwacha Raza na kurudi Unguja, msomaji naye amekwisha kuichoka ndoa ile kiasi cha kutaka kumbebea mizigo.

Filamu ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kwa jina lile lile, inashika njia nyingine. Yasmin anakutana na Denge usiku, akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Binti, kijana anayepigania uhuru, giza, vichochoro vya Mji Mkongwe, na moto umekwisha kuwaka. Ile ndoa ndefu, ambayo kitabuni ndiyo inayompika Yasmin mpaka akawa Yasmin tunayemjua, imekunjwa ikawa ndogo.

Huku Chamazi tofauti hiyo imetuzungumzisha sana. Tuko watu wachache tunaopeana vitabu: mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mama mmoja mwenye genge kando ya barabara iendayo Mbande, kijana wa bodaboda aliyemaliza kidato cha sita, na mimi. Nakala ya mwalimu, iliyochapwa na Mkuki na Nyota waliokitoa kitabu hicho mwaka 1999, imezunguka nyumba nyingi hata mgongo wake umeshikwa kwa selotepu. Filamu tuliiangalia sebuleni kwake. Ukumbi wa sinema kwetu ni safari: gari hadi Rangi Tatu, jingine kuingia mjini, jingine tena hadi Mlimani City, na ukitoka huko usiku nauli ya kurudi inakula hela ya mboga ya kesho. Basi tulikaa mkekani, feni inazunguka, na kwa mbali taa za uwanja wa Azam zinawaka kwa sababu kulikuwa na mechi.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakusoma shule za Tanzania namna riwaya hii ilivyokaa vichwani mwetu. Kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa vitabu vya kidato cha 5 na 6, pamoja na Mfadhili ya Hussein Tuwa, Kufikirika ya Shaaban Robert na Usiku Utakapokwisha ya Mbunda Msokile. Vijana wengi mno wameipitia. Lakini wameipitia kwa vijitabu vya uhakiki, vile vinavyokupangia dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, kisha vinakuja kwa wahusika. Yasmin: jasiri, ana mapenzi ya kweli. Denge: mwanamapinduzi, mzalendo. Mwajuma: mkarimu. Ukishakariri hayo unaingia chumba cha mtihani na unatoka salama. Kijana wetu wa bodaboda aliweza kutaja migogoro yote ya riwaya kwa mpangilio, ya kitabaka, ya kifamilia, ya nafsi, bila kugugumia. Nilipomuuliza ni nani alimhurumia humo ndani, alikaa kimya muda mrefu. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Kisha akamwona Ikhlas Gafur Vora, anayemwigiza Yasmin. Alimwona akitembea, akisita, akigeuza shingo kusikiliza nyayo. Siku chache baadaye alikuja kumwomba mwalimu kitabu, na safari hii hakukiombea mtihani. Filamu iliyoweza kumtoa Yasmin kwenye kijitabu cha uhakiki na kumrudisha kuwa mtu imefanya kazi ambayo sisi wapenzi wa vitabu hatukuiweza, na ninaisema kwa shukrani kabla sijaanza kuilaumu kwa lolote.

Lawama zilianza na mama wa genge.

"Huyu binti wa kwenye filamu sijamjua vizuri," alisema. "Anakimbia, sawa, lakini mimi sijakaa naye kwenye hiyo ndoa. Kitabuni nilikaa naye. Nilikuwa nikifunga kitabu nasikia kama nimetoka kwenye nyumba ya watu."

"Mama, ukimwekea mtu saa nzima ya duka na mzee, anazima," kijana akajibu. "Stelingi lazima aingie mapema."

"Na stelingi ni nani? Huyo Denge?"

"Shikamoo, mama, mimi sitaki ugomvi," akasema, tukacheka. Lakini swali lilibaki pale mkekani, na kwa maoni yangu ndilo swali lenyewe.

Hoja ya kijana ina uzito. Filamu ni ya dakika 92. Ndoa mbaya ni jambo la siku nyingi. Ubaya wake uko katika kurudiarudia, katika chakula kile kile na kikohozi kile kile na mlango ule ule. Riwaya inaweza kurudiarudia kwa sababu nasi tunaisoma kwa siku nyingi, tukiiacha na kuirudia, mpaka uchovu wa mhusika unaingiliana na wetu. Mwongozaji hana siku hizo. Shivji amechagua usiku badala ya siku, na usiku wake ni mzuri mno: mwanga mdogo, kuta zenye unyevu, sauti ya mtu asiyeonekana. Ukoloni katika filamu ile unauhisi kwenye ngozi kabla ya kuambiwa chochote. Koplo Matata wa kitabuni unamcheka huku ukimwogopa. Serikali ya kwenye kioo unaiogopa tu, na nadhani kwa wale walioamkiwa na polisi alfajiri hiyo ndiyo kweli iliyo karibu zaidi.

Ninachokikosa mimi hasa si kisa fulani kilichokatwa. Ninamkosa msimulizi. Adam Shafi anasimulia kama mtu wa barazani. Anakwambia Inspekta Wright anawaza nini, anakuchorea sura ya mtu kwa maneno matatu ya dhihaka, anachelewesha habari ili uisubiri, anakusogezea kikao cha Denge na wenzake mpaka unahisi umekaa nao. Msimulizi huyo anampenda Yasmin, na kwa kuwa anampenda, hata pale binti anapofanya jambo ambalo jamii yake yote imelilaani, msomaji anashikwa mkono asimlaani naye. Mamaye amemkataa, mjomba wake Gulam amemfukuza, lakini yule anayetuhadithia hajamkataa. Filamu imemwondoa mtu huyo. Tumebaki na nyuso na ukimya, na kila mtazamaji lazima ajitafutie mwenyewe huruma yake.

Kwa watazamaji wa maeneo haya, kazi hiyo si ndogo, maana tumelelewa na sinema yenye msimulizi. Waliokuwa wakienda kwenye vibanda umiza vya Mbagala, Temeke na Manzese wanamjua Lufufu, aliyesimama kati ya filamu ya kigeni na sisi, akiwapa Wachina, Wamarekani na Wahindi Kiswahili cha Dar es Salaam. Kule Kenya DJ Afro akafanya ya kwake. Hawa hawakuwa wakitafsiri neno kwa neno. Waliichukua picha wakaisimulia upya: wakawapa watu majina ya utani, wakaeleza nani ana kisasi na nani, wakatabiri atakayesaliti. Wasomi wengine waliona huo ni ushamba. Mimi naona walikuwa wakiirudishia filamu kile ambacho riwaya huwa nacho tangu ukurasa wa kwanza, mtu wa kukuhadithia. Mtoto aliyetoka kibandani pale alikuwa na hadithi kamili ya kwenda kuwasimulia wenzake waliokosa hela ya kiingilio, na akiisimulia aliongeza ya kwake.

Mambo haya yana mizizi ya zamani. Mji ule ule wa Yasmin, katika miaka ile ile ya 1950, ulikuwa umelewa sinema. Majestic ya Unguja ilijengwa upya mwaka 1955 baada ya ukumbi uliokuwapo kuungua, na filamu za Kihindi zilijaza viti. Awaara ya Raj Kapoor, iliyotoka 1951, ilipendwa na watu ambao hawakujua Kihindi hata neno. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na aliyekwenda alirudi nyumbani akawahadithia waliobaki. Nyimbo za sinema hizo ziliingia kwenye taarabu, zikavaa maneno ya Kiswahili, zikaimbwa harusini. Sasa fikiria: binti wa Kihindi anakatazwa kuchanganyika na Waswahili wa Ng'ambo, na Ng'ambo hiyo hiyo inaimba mahadhi ya Bombay. Shivji anaujua mji huo. Si bure kwamba Siti Amina, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, yumo katika filamu yake. Sauti yake inabeba mambo ambayo msimulizi wa Shafi angeyasema kwa ukurasa mzima.

Mwalimu ndiye aliyetuletea Mashimo ya Mfalme Sulemani. Alikuwa na nakala ya zamani, ile tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka 1929, iliyosomwa shuleni na wazee wetu. Watu wengi wa rika lake walimjua Rider Haggard kwa Kiswahili kwanza, na riwaya yake ya mwaka 1885 kwao ni kitabu cha Kiswahili tu. Mwaka 1950 kampuni ya MGM ikaifanya filamu kubwa ya rangi, wakapiga picha huku kwetu: Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji. Ilipata tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri. Kitabuni Curtis anamtafuta ndugu yake. Katika filamu ni mke anayemtafuta mumewe, kwa sababu Hollywood ilimtaka Deborah Kerr porini akiwa amevaa vizuri. Mabadiliko ya namna hiyo mimi hayaniudhi sana. Linaloniudhi ni kwamba ardhi yetu iko pale kwa saa nzima na nusu na zaidi, mito, tembo, watu wetu wenyewe wakipita wamebeba mizigo vichwani, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye kamera ina haraka ya kumjua. Mzee aliyesoma Mashimo kwa Kiswahili alikuwa amekwisha kuwa mmoja wa wasafiri. Akienda sinema, anajikuta ni mpagazi.

Ndiyo maana nilifurahi kwa namna ambayo sikuweza kuificha tulipokuwa tukiangalia Vuta N'kuvute. Filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza, kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021, wageni walisoma maandishi ya chini ili waelewe, na Kiswahili cha Unguja kikaenda zake juu yao. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania Oscar ya filamu za kimataifa, mara ya kwanza tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001. Mama wa genge hajali tuzo. Alichosema ni kwamba hakuhitaji mtu wa kumtafsiria, na kwamba Kiunguja cha wale wanawake kilimkumbusha marehemu shangazi yake.

Wapo wanaodai kwamba kazi hizi zingetulia kama mwandishi mwenyewe angeshika kamera. Mfano wao ni Ousmane Sembène wa Senegal, na ni mfano mzuri ila hauendi wanakotaka uende. Sembène alikuwa amekwisha kuandika riwaya zake kubwa alipokwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960 kujifunza utengenezaji wa filamu, kwa kuwa aliona vitabu vyake vya Kifaransa haviwafikii watu aliowaandikia. Tukalikumbuka hilo kwa sababu Denge naye alisoma Urusi, akarudi Unguja na shahada ambayo serikali ya kikoloni iliiona kama ugonjwa wa kuambukiza. Sembène aliandika Xala ikatoka 1973, na miaka miwili baadaye akaifanya filamu. Hakuiacha kama ilivyokuwa. Filamu inafunguka kwa wakubwa wapya wanaowatoa wazungu kwenye jengo la chama cha wafanyabiashara, kisha wanagawiwa mikoba iliyojaa fedha. Mwanzo huo kitabuni haupo. Mwenyewe aliandika, mwenyewe akabadili, kwa sababu alijua kitu kinachosomwa na mtu mmoja chumbani kinataka mwanzo mwingine kikionyeshwa mbele ya umati.

Kwa hiyo simdai Shivji uaminifu wa kurasa. Ninamdai yeye na wenzake jambo jingine, nalo ni kwamba wasiishie hapa.

Chukua Kuli. Adam Shafi aliitoa mwaka 1979, miaka 20 kabla ya Vuta N'kuvute. Ni habari ya Rashidi na wabebaji mizigo wa bandari ya Unguja, na inatufikisha kwenye mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Nikiisoma nawaza nani angeiangalia, na jibu liko mtaani kwangu. Bandari ya Dar es Salaam ilipohitaji kupanuka, watu wa Kurasini walihamishwa, na baadhi yao, wakiwa wapangaji wasiolipwa fidia ya nyumba, waliungana, wakaweka akiba kidogokidogo na kununua ekari 30 huku Chamazi mwishoni mwa miaka ya 2000. Walijenga nyumba zao wenyewe, wakifyatua matofali kwa mikono. Kuna wazee huku ambao mabega yao yanaijua bandari. Wanajua uzito wa gunia, wanajua nyapara anavyosimama, wanajua siku ambayo jina lako halisomwi. Filamu ya Kuli ikionyeshwa ukutani kwa shuka jeupe, wazee hao watakuwa wahakiki wakali kuliko jopo lolote. Watasema gunia lile halibebwi hivyo. Watasema mtu aliyeumia hanyanyuliwi hivyo. Na wakisema hivyo, riwaya itakuwa imefika mahali ambapo kitabu, kwa bei yake na kwa kiza cha macho yao, hakikuweza kufika.

Mtu ataniuliza fedha iko wapi. Ni kweli kwamba filamu ya zama zilizopita inakula fedha: magari, nguo, kuta zisizo na waya za umeme. Lakini kila jioni, kuanzia saa za chakula cha usiku, nyumba za mtaa wetu zinaangalia tamthilia. Sinema Zetu ya Azam inaonyesha kazi za hapa nyumbani siku nzima, na Jua Kali ya Lamata imeonyesha kwamba Watanzania watamfuata mhusika kwa miaka bila kuchoka. Waandishi wa tamthilia hizo wanafanya kazi kwa kasi ya kutisha, na unaona kabisa pale hadithi inapowaishia wakaanza kuzungusha watu hospitalini na mahakamani. Wakati huohuo rafu zetu zimejaa hadithi zilizokwisha kukomaa. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ina baba mlevi na mkali, ina mabinti, ina shule na chuo, na ina aibu ambayo kila familia huku inaifahamu. Iliwahi kuzuiwa mashuleni, na msomaji wa leo bado anaisoma kwa moyo kumdunda. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ina Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi wa kwetu anayetumia akili bila bastola. Na tamthilia ina kile ambacho filamu ya dakika 92 haina: siku nyingi. Ile ndoa ya Raza na Yasmin ingepata nafasi yake hapo, ikakaa wiki kwa wiki, mpaka mtaa mzima uwe unamsubiri binti yule afungue mlango na kuondoka.

Kinachotakiwa ni wenye kampuni za filamu wanunue haki za riwaya, kwa mkataba ulioandikwa na malipo yanayoeleweka, badala ya kuokota kisa na kukibadili majina. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Mwandishi wa Kiswahili aliyekula miaka katika kitabu kimoja anastahili kulipwa tena pale kitabu hicho kinapopata uhai wa pili, na warithi wake vilevile.

Sasa tunasoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotoka 2022 baada ya Gurnah kupata Nobel. Mwalimu anaisoma kwa sauti na sisi tunamkatiza. Tayari kijana ameanza kugawa wahusika kwa waigizaji anaowajua, nani awe ami Aziz, nani awe Yusuf, na nimemwambia Yusuf atamsumbua. Mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake hapewi maneno mengi na mwandishi. Anatazama, anaota, anapendwa na watu anaowaogopa. Mwigizaji mwenye pupa atamharibu.

Lakini mazungumzo yetu bado yanarudi Unguja, na yanamrudia mtu mmoja ambaye kijitabu cha uhakiki humtaja upesi na kuendelea. Bukheti. Denge anakamatwa, anafungwa, anatoroka, anaondoka nchini. Mapenzi makubwa ya riwaya yanakatika bila kuaga vizuri. Yasmin habaki dirishani kumsubiri shujaa wake. Anaolewa na Bukheti, kijana aliyemfahamu Mombasa, na maisha yanaendelea, na mwandishi haoni haya kutuonyesha kwamba yanaendelea vizuri. Kwangu mimi huo ndio ujasiri mkubwa kuliko wote katika kitabu kile. Binti aliyeozwa akiwa na miaka 15 anafika mahali pa kumchagua mtu kwa utulivu, bila moto, bila polisi mlangoni, kwa sababu tu ni mtu mwema na anamtaka. Riwaya nyingi za ukombozi zingemfanya mjane wa mapinduzi.

Filamu ikishaamua kwamba moyo wake ni Denge na Yasmin, na kwamba kila kitu kinaanza usiku ule walipokutana, Bukheti anakosa pa kukaa. Naelewa kwa nini. Ila ningekuwa mimi ndiye mwenye mkasi, ningetoa nusu ya vichochoro vile vizuri na mwanga wa taa ili nipate dakika 10 za Bukheti akiwa amekaa na Yasmin wanakunywa chai.

Mama wa genge hakubali. Anasema kitabuni Bukheti alimpendeza kwa sababu alikuwa na muda wa kumzoea, lakini kwenye kioo, baada ya kumwona Denge akipigwa, asingemsamehe binti yule hata kidogo, na watu wengi wa Chamazi wasingemsamehe. "Mwanamke kwenye sinema hasamehewi upesi kama mwanamke kwenye kitabu," anasema. Mwalimu anataka tuisome upya sehemu ya mwisho kabla ya kubishana zaidi. Kijana anasema stelingi hafi, kwa hiyo Denge atarudi, kitabu kiseme kisemavyo. Mama anamwambia stelingi hajafa, yuko Mombasa na ameshaolewa.